Mimenyuko Thelathini na Mitatu

Monidipa Hazra hakuwa mtu wa kuamini jibu la kwanza. Akijumlisha hesabu kutoka juu kwenda chini, ataijumlisha tena kutoka chini kwenda juu, na majibu yakikataana hatulii mpaka ajue alijikwaa wapi. Tabia hiyo aliitoa kwa baba yake, Nimai Hazra, mkulima wa viazi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bankura, mashariki mwa India, ambaye hakuwahi kuliachia gunia liondoke bila kulipima mara mbili: mara ya kwanza, alisema, kwa ajili ya mnunuzi, na ya pili kwa ajili ya usingizi wake mwenyewe.

Alipotimiza miaka ishirini na mitatu, shahada ya pili ya kemia ikiwa mkononi, shangazi zake walikuwa wamekwisha kumtafutia mchumba, karani wa posta, mtu mpole mwenye mama mkali. Barua ya profesa wa kemia, Anadinath Sarbadhikari, kwa Nimai ndiyo iliyovunja mpango ule. Ilikuwa kurasa mbili za Kibengali safi, na katikati yake mstari ambao Nimai aliusoma kwa sauti mbele ya dada zake: "Nchi hii haina upungufu wa makarani wala wa wake zao. Niachie binti huyu miaka mitano."

"Mmesikia," Nimai akasema, akiikunja barua. "Karani atafute mwingine."

Hivyo ndivyo Monidipa alivyoingia chuo kikuu katika mji mmoja wa reli, kuanza utafiti wa uzamivu chini ya profesa yule. Sarbadhikari alikuwa mfupi, mchangamfu, mtu ambaye kuanzia Novemba hakuvua kofia yake ya sufu iliyofunika masikio hata akiwa darasani. Wanafunzi wake wa kike aliwaita "mama", kama baba anavyomwita bintiye. Majira ya kwanza ya baridi mkewe alimtwika Monidipa shali mabegani bila kumuuliza, akasema, "Hiyo sweta yako nyembamba inanitia baridi mimi." Monidipa hakuwa na ndugu mjini. Nyumba ile ikawa kwao.

Kazi ya profesa, iliyompa jina mpaka nje ya India, ilikuwa juu ya ugumu. Si ugumu wa jiwe. Ugumu wanaousema wanakemia ni ule wa molekuli kushikilia elektroni zake: molekuli ngumu haitoi zake kirahisi, na haipokei za wengine kirahisi. Sasa ilikuwepo kanuni iliyowavutia wengi, kwamba vitu vikikutana na kubadilishana, mmenyuko utaelekea upande ule wenye ugumu zaidi. Maana yake huna haja ya kuchanganya chochote katika chupa. Kokotoa ugumu wa vilivyoko kushoto, kokotoa wa vilivyoko kulia, linganisha, useme: mambo yatakwenda huku. Sarbadhikari alikuwa ameifundisha kanuni hiyo miaka kumi na miwili. Monidipa mwenyewe aliipenda. Aliona ni kama kuambiwa siri na ulimwengu.

"Mama," profesa alimwambia mwaka 1996, mvua zilipokuwa zikikatika, "watu huitaja kanuni hii kwa mifano mitano, sita. Mimi nataka themanini. Mimenyuko themanini, ya kila aina, ambayo mwelekeo wake tunaujua kwa hakika. Pima ugumu pande zote mbili. Januari kuna mkutano, wageni watakuja. Nataka jedwali la kuwafunga midomo."

Alimpa na msaidizi, ingawa hakukuwa na haja ya kumtambulisha. Shyamoli Konar alikuwa mwenzake wa chumba bwenini, binti wa mzee wa ishara za reli wa Asansol aliyekwisha kustaafu, mwenye wadogo wawili wa kike waliosubiri zamu ya kuolewa. Mwaka wa tatu sasa walikuwa wakigawana kitana, mafuta ya nywele, na chupa za achari zilizotoka makwao. Jioni walichanganya bisi za mchele na mafuta ya haradali, pilipili mbichi na kitunguu ndani ya bakuli moja, wakala kwa mikono miwili, wakigombania karanga.

Kompyuta ya idara ilikuwa moja, na umeme ulikuwa na hiari yake. Molekuli kubwa ilichukua siku nzima, na ukikatika saa ya mwisho unaanza upya. Waligawana orodha, arobaini kwa arobaini, kisha kila mmoja akakagua za mwenzake, na chini ya kila ukurasa wa daftari wakatia herufi za majina yao.

"Wewe Moni una wazimu," Shyamoli alimwambia siku moja. "Nukta hii umeizungushia duara. Nukta nayo ina kosa gani?"

"Imekaa baada ya tarakimu ya tatu. Inatakiwa baada ya ya pili."

Shyamoli akainama, akatazama, akaguna. "Mungu amsaidie atakayekuoa. Atakuwa akihesabiwa hata mikohozi."

Mmenyuko wa kwanza kukataa ulikuwa ule wa amonia. Naitrojeni na haidrojeni zikikutana zinatoa amonia. Kila mtoto wa shule anajua, na ndiyo mwanzo wa mbolea ya urea. Lakini kwa hesabu za Monidipa, amonia ilikuwa laini kuliko hao waliomzaa. Kwa kanuni, mambo yangetakiwa kurudi nyuma. Akarudia. Akarudia tena kwa thamani zilizopimwa maabara badala ya zile za kompyuta. Jibu likabaki lile lile. Wiki iliyofuata wakakataa watatu, kisha saba. Kufikia mwisho wa Novemba, kati ya themanini, arobaini na saba walitii na thelathini na watatu waliasi.

Alimweka Shyamoli chini, akamwonyesha ukurasa baada ya ukurasa. Shyamoli alikuwa amezikagua mwenyewe moja moja, ila hakuwa amezihesabu pamoja. Alizipitia tena kwa kidole, akihesabu. Halafu akacheka, akampiga Monidipa begani.

"Shoga, unajua tumeshika nini? Kanuni inayokosea mara thelathini na tatu kati ya themanini si kanuni. Ni kurusha sarafu iliyopinda!"

"Mwalimu atafurahi?" Monidipa akauliza.

"Atafurahi nini! Ataumwa. Lakini ni mtu wa sayansi. Ataumwa, atakunywa chai, atakubali."

Profesa alimpokea sebuleni kwake Jumapili asubuhi. Mkewe akaleta vitamu vya maziwa, akaenda zake jikoni. Sarbadhikari alisoma orodha ya waasi kwa dakika kumi, akachukua penseli, akaanza kupiga mistari midogo.

"Huu si mzuri kuutumia. Huu nao, thamani zake zina mashaka. Hawa wana atomu nzito, hesabu zetu haziwawezi. Huu... huu tu sipendi." Akacheka. "Toa hawa, mama. Ni kelele."

"Wote thelathini na watatu, mwalimu?"

"Arobaini na saba ni jedwali kubwa. Hakuna aliyewahi kuleta arobaini na saba."

"Lakini kati ya waliotii pia wamo wenye atomu nzito. Tukitoa kwa sababu hiyo, tuwatoe na hao."

Profesa akaweka penseli mezani. "Monidipa." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Nilikuandikia barua kwa baba yako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mwalimu."

"Basi kula hicho kitamu, uende nyumbani wiki moja. Umechoka. Mtu akichoka huona makosa kila mahali."

Hakwenda nyumbani. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi idara ilikuwa na semina ambapo wanafunzi walieleza kazi zao mbele ya walimu wote, na ya Desemba ilikuwa zamu yake. Alimwambia Shyamoli kwamba atawaleta wote themanini.

"Mwalimu atachukia," Monidipa akasema.

"Achukie. Hatakuwa amekuchukia peke yako." Shyamoli alikuwa akimsuka, na alivuta nywele kwa nguvu kama anayefunga mzigo. "Tumefanya pamoja, tutasimama pamoja. Wakikutafuna wewe, wanitafune na mimi, halafu tuone kama tutawashuka kooni. Nipe daftari nikunakilie jedwali kwenye karatasi za kuonyeshea. Huo mwandiko wako hata mfamasia hausomi."

Akampa daftari. Ilikuwa Jumatano; mpaka Jumamosi asubuhi daftari na karatasi hazikuwa zimerudi, Shyamoli akasema atazileta ukumbini.

Jumamosi ukumbi ulijaa, watu wamejifunika mashali, vikombe vya udongo vya chai vikifuka mikononi. Monidipa alianza taratibu. Alieleza kanuni, akaeleza jinsi walivyochagua mimenyuko kabla ya kukokotoa ugumu wowote, na alipofika kwenye amonia akasema, "Kanuni ingekuwa kweli hapa, baba yangu asingekuwa na urea shambani, na mwaka huu mngekula wali bila viazi." Watu wakacheka. Hata mwalimu mmoja mkali wa safu ya mbele alitabasamu. Kisha akataja hesabu: arobaini na saba, thelathini na tatu.

Sarbadhikari akasimama. Hakuonyesha hasira. Alikuwa na huzuni, au alijua kuivaa.

"Wenzangu, mniwie radhi. Hizi thelathini na tatu ndiyo kwanza nazisikia. Daftari la kazi hii ninalo, lina mimenyuko arobaini na saba." Akaliinua, lile lile la jalada jekundu alilokabidhiwa Shyamoli Jumatano, akalifungua mbele ya mkali wa safu ya mbele, akampa alipekue. "Binti yangu huyu amekuwa akifanya kazi kupita kiasi. Lakini tusimdhulumu. Yupo aliyekagua kila ukurasa. Shyamoli, mama, wewe umeziona hesabu hizi nyingine?"

Shyamoli alikuwa safu ya tatu, karibu na dirisha. Monidipa alimgeukia akiwa hana wasiwasi wowote. Miaka mingi baadaye hilo ndilo lililomtia aibu, kwamba alimgeukia huku akitabasamu.

"Mimi nilikagua arobaini na saba," Shyamoli akasema. "Nyingine sizijui."

"Shyamu," Monidipa akasema.

"Sizijui, Moni."

Mkali wa safu ya mbele akafunga daftari, akalirudisha kwa profesa. Mtu mmoja nyuma alikohoa. Monidipa alibaki amesimama na kijiti cha kuonyeshea mkononi, akawa anatafuta maneno, na Kibengali chote alichozaliwa nacho kikamhama. Aliteremka bila kumaliza.

Alimkuta Shyamoli bwenini mchana ule ule, anafunga sanduku. Alikuwa amepewa chumba cha peke yake ghorofa ya pili. Hiyo nayo ilikuwa imepangwa kabla.

"Kurasa zimekwenda wapi?"

Shyamoli aliendelea kukunja sari. "Zimekatwa."

"Nani alikata?"

"Wembe alinipa yeye. Mkono ulikuwa wangu." Akaketi kitandani, sari magotini. "Nafasi ya uhadhiri inatangazwa Machi. Aliniambia wazi, atakayekuwa upande wake ndiye atakayeipata. Baba yangu amestaafu, Moni. Nina wadogo wawili ndani. Wewe una shamba nyuma yako, mimi nyuma yangu nina nini?"

"Ungeniambia. Jumatano ile ile ungeniambia, nisingesimama."

"Ningekwambia ungesimama hivyo hivyo. Nakujua."

"Basi ungeniacha nisimame peke yangu. Kwa nini ulisema utakuwa nami?"

Shyamoli aliinuka, akaitia sari sandukuni, akalifunga. Alibeba sanduku, akasahau chupa ya achari dirishani. Monidipa aliitupa ikiwa nusu.

Angeweza kukokotoa upya, lakini jina lake lilikuwa limeondolewa kwenye zamu za kompyuta, na alipouliza, karani alimwambia asubiri. Alisubiri mpaka Februari. Machi Shyamoli akapata uhadhiri. Aprili ikatoka makala, katika jarida la heshima, yenye kichwa kinachotangaza kwamba kanuni ya ugumu imethibitishwa kwa mimenyuko arobaini na saba bila hata mmoja kukosea. Waandishi walikuwa watatu: Sarbadhikari, Konar, na wa mwisho, Hazra.

Hilo ndilo lililomvunja. Kama wangelifuta jina lake angelia kama mtu aliyeibiwa. Lakini walikuwa wamelitia, wakamfanya shahidi wa uongo kwa jina alilopewa na baba yake. Alimwandikia profesa barua akimwomba aliondoe. Haikujibiwa. Aliandika ya pili, akaipeleka kwa mkono. Mke wa profesa aliipokea mlangoni, akamwangalia kwa huruma, wala hakumkaribisha ndani. Monidipa alimrudishia shali pale pale, imekunjwa vizuri.

Aliondoka bila shahada. Nakala ya makala ilikuwa imemtangulia nyumbani, profesa aliituma kwa Nimai na salamu. Nimai hakujua Kiingereza, lakini jina la bintiye alifundishwa kulitambua, na kwa wiki mbili aliitembeza karatasi ile kwenye kibanda cha chai, akiwawekea watu kidole juu ya neno moja.

"Baba," Monidipa alimwambia siku moja, "yaliyoandikwa mle si kweli."

"Jina si lako?"

"Ni langu."

"Kazi hukufanya?"

"Nilifanya."

"Sasa si kweli vipi?" Nimai akauliza, na uso wake ulikuwa na furaha kiasi kwamba bintiye alisema ah, basi, akaenda kukamua ng'ombe. Mzee alikufa miaka tisa baadaye akiamini ameacha duniani mtoto aliyeandika jambo.

Monidipa alifundisha kemia katika shule ya wasichana ya Bishnupur. Alikuwa mwalimu mzuri, mkavu kidogo. Wasichana walimwita dada, kama ilivyo desturi, wakamwogopa siku za mitihani na kumtafuta siku za shida. Hakuolewa. Watu walisema ni kiburi cha usomi. Ukweli ni kwamba mara mbili alifikiwa na watu wema, na mara zote mbili, mtu alipomwahidi jambo, alijikuta akimwangalia mdomo na kungoja.

Mwaka 2014 akasoma, kwenye kompyuta ya shule, kwamba watafiti wa nchi za mbali wameipima kanuni ile kwa mamia ya mimenyuko, na mara nyingi mno imeshindwa. Aliisoma mpaka mwisho, akaenda darasani, akafundisha asidi na besi. Wasichana walishangaa kumwona ameshika chaki bila kuandika.

Miezi minne baadaye gari jeupe likasimama mbele ya nyumba yake. Aliteremka Profesa Shyamoli Konar, mkuu wa idara, nywele zimeingia mvi, miwani ya dhahabu.

"Umenenepa," Monidipa akasema mlangoni.

"Na wewe umekonda. Tumegawana kama zamani." Shyamoli alijaribu kucheka. Akakaribishwa kiti, akaletewa chai. Aliizungusha mkononi muda mrefu.

"Mwalimu amefariki," akasema. "Mwaka wa pili huu."

"Nilisikia."

"Alikutaja, siku za mwisho."

Monidipa alijikuta moyo unamwenda mbio, akajichukia kwa hilo. "Alisemaje?"

Shyamoli akasita. "Aliuliza kama uliolewa."

Monidipa akamsogezea sahani ya biskuti. Kisha Shyamoli akaeleza kilichomleta. Walioipima kanuni upya walikuwa wanauliza juu ya makala ile ya arobaini na saba; haikuingia akilini kwamba hakuna hata mmoja aliyekosea. Idara ilikuwa na aibu. Yeye alikuwa amepata njia. Wataandika makala mpya, wao wawili, waseme kwamba zamani zile walikuwa wameona dalili za kushindwa. "Jina lako litatangulia, Moni. La kwanza kabisa. Tutasema thelathini na tatu ziliwekwa kando kwa uchunguzi zaidi."

"Ziliwekwa kando?"

"Ndiyo lugha inayotumika."

"Zilikatwa kwa wembe, Shyamu."

"Siwezi kuandika hivyo! Nina wanafunzi kumi na wawili chini yangu. Nina mume, nina watoto." Sauti ilimpanda. "Unataka nini? Nikulambe miguu? Nimekuja mwenyewe, nimekuletea haki yako mpaka mlangoni!"

"Umeniletea kazi nyingine ya kukuficha." Monidipa hakupandisha sauti. "Sitaki jina litangulie. Nataka useme ulichofanya, mahali pale ulipokisemea. Ukumbi ule bado upo?"

"Upo."

"Basi nenda."

Shyamoli alikaa kidogo, akitazama chai iliyoganda utandu. Akasimama, akaweka kadi yake mezani, akasema akibadili mawazo apige. Mlangoni aligeuka kama anayetaka kusema jambo, macho yamemjaa, halafu akauliza choo kiko wapi. Gari lilipoondoka Monidipa aliketi kwenye ngazi ya mlango mpaka adhana ya alasiri ya msikiti wa ng'ambo ya bwawa. Hakuna semina iliyofanyika. Aliulizia, hakuna kitu.

Likizo ya Puja, sikukuu kubwa ya Wabengali, aliomba funguo za chumba cha kompyuta. Mashine zile za shule zilikuwa na nguvu mara mia ya ile ya chuo, na programu za kukokotoa sasa zilipatikana bure. Mji mzima ulikuwa mitaani na ngoma, yeye yuko ndani na feni. Alichagua mimenyuko themanini, si ile ya zamani maana mingi hakuikumbuka, akaandika kila mmoja kabla ya kukokotoa ili asije akajidanganya. Waasi walikuwa thelathini na sita. Aliandika kurasa mbili, akazituma kwa jarida dogo la walimu wa kemia, na wakazichapa. Makala ile ya kwanza aliitaja katika sentensi moja, akasema yeye ni mmoja wa waandishi wake na kwamba jedwali lake lisitumiwe, kwa kuwa matokeo yaliyokwenda kinyume yaliondolewa.

Shyamoli alituma ujumbe wa simu wenye neno moja, hongera. Hakumjibu.

Barua aliyoijibu ilitoka Coimbatore, kusini mwa India, kwa mwanafunzi wa kike aitwaye Kayalvizhi, ambaye hakuwahi kumwona. Samahani sana, dada, aliandika, lakini mmenyuko wa kumi na tisa nimeurudia mara tatu na naona alama ya kutoa imepotea. Monidipa akawasha mashine, akaurudia kutoka mwanzo, kisha kutoka mwisho. Msichana alikuwa sahihi. Waasi walikuwa thelathini na watano. Akaliandikia jarida siku hiyo hiyo, na toleo lililofuata likachapa masahihisho, mistari mitatu chini ya ukurasa wa mwisho, pamoja na jina la Kayalvizhi kwamba ndiye aliyeona kosa.